Siku nne Paris: tazama Jumatatu na Jumanne kabla hujalipia ndege

Nianze na yale mnayoyajua ili tusipotezeane muda.

Pasipoti yako iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15. Hizo siku 15 zisahau. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni miadi ya kupeleka karatasi, na msimu wa kiangazi cha Ulaya unapokaribia miadi hujaa upesi. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na sura badala ya kugonga mhuri, kwa hiyo usipange jambo lolote saa moja baada ya ndege kutua.

Soketi za Ufaransa zina matundu mawili ya mviringo na kijiti cha chuma kilichochomoza. Plagi ya pini tatu bapa haiingii hata uibembeleze. Adapta nunua kabla. Viatu, vile vilivyokwisha kuuzoea mguu. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari.

Saa: tiketi zote huandikwa kwa saa 24. Imeandikwa 14:00, wewe uwe mlangoni saa nane mchana. Na 9:00 ni saa tatu asubuhi. Usicheke, mtu akishachoka na safari akaona 9 kichwa chake humtafsiria saa tisa.

Sasa njoo kwenye lile ambalo hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa nikiwa sisikii.

Aprili 2025 nilimpeleka shangazi yangu Paris. Ni mwalimu mstaafu, na sebuleni kwake kuna kalenda yenye picha ya Mona Lisa. Mwaka wa kalenda ile umekwisha zamani, lakini haijawahi kushushwa ukutani. Alikuwa na ombi moja tu, amwone yule mama ana kwa ana. Mengine, alisema, nipange nitakavyo.

Nikapanga. Tulifika Jumamosi mchana, na kurudi ilikuwa Jumatano alfajiri. Jumapili ikawa misa ya Notre-Dame na matembezi kando ya mto, Jumatatu mnara wa Eiffel na maduka, Jumanne Louvre, jumba la makumbusho alimo Mona Lisa. Kitamu kikawekwa mwisho. Tiketi za Louvre sikununua mtandaoni, kwa kuwa nilisoma mahali kwamba ukiwahi asubuhi foleni ni fupi. Ningejaribu tu kuzinunua ningejua mapema, maana kwenye kalenda ya tovuti yao ile Jumanne haibonyezeki.

Saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa uani, mbele ya piramidi ya vioo. Hakuna foleni. Hakukuwa na mtu isipokuwa bi harusi aliyekuwa akipigwa picha, kashika pindo la gauni lisiguse sakafu iliyolowa. Nikamwambia Shangazi, "Umeona faida ya kudamka?" Akanisifu, nakiri. Tukasimama kwenye kamba za foleni, sisi wawili, wa kwanza kabisa. Saa tatu ikafika. Ikafika na robo. Mlinzi aliyekwisha kutupita mara mbili akarudi, akatutazama, akasema maneno mawili: "Fermé. Mardi." Kifaransa sijui, na Shangazi hajui, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Kumbe leo ni Jumanne?" akaniuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kesho tunaondoka."

"Ndiyo, Shangazi."

Nikajikaza kiume. Mwisho wa bustani ya Tuileries kuna Orangerie, nyumba yenye yale maua ya majini ya mchoraji Monet. Tukatembea juu ya changarawe bustani nzima, goti lake likilalamika kila hatua. Nayo imefungwa, kwa sababu nayo hufunga Jumanne. Ikabaki Orsay, ng'ambo ya mto Seine, kituo cha zamani cha treni kilichogeuzwa jumba la sanaa mwaka 1986. Orsay Jumanne iko wazi, na kila aliyeikosa Louvre siku ile alikuwa ameshalijua hilo kabla yetu. Foleni ilijikunja ikajikunja tena, na mvua ya rasharasha ikaanza.

Nje ya Orsay kuna sanamu kubwa za wanyama, farasi, tembo na kifaru wa chuma. Shangazi akaenda kuketi kwenye jiwe la yule kifaru, mkoba mapajani, mtandio kichwani, mimi nikabaki kushika nafasi. Ilipita zaidi ya saa moja. Nilipomwendea kumwambia zamu yetu imekaribia nilimkuta anamkagua mnyama kuanzia pembe hadi kwato, kwa utulivu kabisa.

"We mtoto," akasema, "nimevuka bahari kuja kutazama kifaru."

Mona Lisa aliyerudi naye ni wa sumaku ya friji, tulimnunua kwa wauza vitabu wa kando ya mto.

Kwa hiyo kabla hujachagua ndege, chukua karatasi uandike siku za juma. Tarehe zitafuata. Louvre na Orangerie hufunga Jumanne. Orsay, kasri la Versailles na jumba la mchonga sanamu Rodin hufunga Jumatatu. Anayekaa Jumamosi hadi Jumatano kama sisi, siku mbili katikati ya safari yake zina kufuli, na Jumapili iliyobaki ndiyo siku ambayo wenyeji nao wametoka. Anayeingia Jumatano na kuondoka Jumapili hakutani na kufuli hata moja, tena anapata jioni ndefu: Louvre Jumatano na Ijumaa hufungwa saa tatu usiku, Orsay Alhamisi hufungwa saa nne kasorobo usiku. Ndege ni ileile, hoteli ni ileile.

La pili linatokana na hilo: kile ulichokifunga safari kwa ajili yake kiweke siku ya kwanza kamili. Kikikwama, unayo siku ya kukirudia. Na kinaweza kukwama hata kama siku yenyewe si ya kufungwa. Tarehe 16 Juni 2025, Jumatatu ya kawaida, wafanyakazi wa Louvre waligoma ghafla kwa kuchoshwa na msongamano, na watu wenye tiketi mkononi walisubiri nje kwa saa nyingi. Siku kama 1 Mei na 25 Desemba Louvre haifunguliwi kabisa. Fungua tovuti yao asubuhi ya siku yenyewe kabla hujavaa viatu. Dakika mbili tu.

Tiketi ya Louvre ina saa yake, inunue mapema. Tangu Januari 2026 sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa euro 32, wenzetu wa Ulaya 22. Inauma, lakini heri uijue ukiwa nyumbani. Begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii, kwa hiyo ule mpango wa kupita na sanduku ukielekea uwanja wa ndege ufute. Na umwandae mzee wako kisaikolojia: Mona Lisa ana urefu wa sentimita 77 na upana wa 53 tu, yuko nyuma ya kioo, na kati yenu kutakuwa na msitu wa simu zilizoinuliwa. Ukishapiga picha yako geuka nyuma. Ukuta wa mbele yake una picha ya mchoraji Veronese ya harusi ya Kana, karibu mita 10 kwa upana, na wengi huipa mgongo bila kujua ipo.

Mnara wa Eiffel: tiketi za lifti hufunguliwa mtandaoni siku 60 kabla. Weka alama kwenye simu yako siku hiyo, usije kunishtakia baadaye. Zikiisha, kuna ngazi 674 hadi ghorofa ya pili. Kileleni hakuna ngazi za wageni, ni lifti tu, na upepo ukizidi hufungwa hata kama umelipa.

Versailles: treni ni RER C, lakini si kila RER C inakwenda huko, na mji wenyewe una stesheni tatu zenye jina la Versailles. Unayoitaka ni Versailles Château Rive Gauche. Soma ubao mpaka mwisho wa jina.

Sainte-Chapelle, kanisa dogo la zamani, iko ndani ya uwanja wa mahakama. Ukaguzi ni kama wa kupanda ndege. Mkasi wa kucha uache hotelini.

Notre-Dame iliungua 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Kuingia kanisani ni bure. Unaweza kuweka nafasi mtandaoni, nayo ni bure. Minara yake ndiyo ya kulipia. Mtu akikuuzia tiketi ya kuingia kanisani, huyo mwizi, hata kama tovuti yake imepambwa.

Tukiwa kwenye wezi. Chini ya kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana wenye nyuzi za rangi, atakushika mkono kama anakusalimia na kabla hujajua umeshafungwa bangili ya kudaiwa. Mikono mfukoni, endelea kupanda. Karibu na Eiffel utakuta mchezo wa vikombe vitatu na kijipira. Wale wanaoshinda ni wenzao, na wanaotazama baadhi ni wenzao pia. Kina dada wenye fomu za kusainiwa, mmoja anakusainisha na mwingine yuko kwenye mkoba wako. Shangazi aliombwa sahihi akaichukua ile fomu, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuisahihisha. Waliondoka wenyewe. Wewe usijaribu, sema hapana na upite. Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, simu isiwe mkononi ukisimama karibu na mlango. Hunyakuliwa mlango unapofunga.

Usafiri nao una mtego wa siku. Pasi ya wiki ya Navigo, kadi ya usafiri wa Paris, huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, haihesabu siku saba tangu uinunue. Mgeni wa Jumamosi haimfai mpaka Jumatatu ifike. Tiketi usiitupe mpaka utoke nje ya kituo, wakaguzi hukaa kwenye vichochoro vya ndani na faini hulipwa hapohapo. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle teksi halali zina nauli moja iliyopangwa na serikali, inategemea unakwenda upande gani wa Seine. Simama kwenye foleni ya teksi. Anayekufuata ndani ya jengo akinong'ona "teksi, teksi" si teksi. Na kama tiketi yako ya ndege inasema Beauvais, jua uko zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris na kuna basi la kulipia linalokusubiri.

Bonjour. Neno hili ni hodi yao. Ukiingia dukani, ukipanda basi, ukifika dirisha la tiketi, tangulia nalo kabla ya swali lolote. Watu wanasema Waparisi wana kiburi. Baadhi wanacho, lakini wengi wamechoka kuingiliwa bila hodi. Mimi nilihudumiwa tofauti tangu siku niliyoanza kulisema, na matamshi yangu ni ya kuhurumiwa. Mgahawani omba "carafe d'eau", ni maji ya bomba na hayalipiwi. Ukisema maji tu utaletewa chupa na bili.

Mengine ni ya kawaida. Namba ya dharura ni 112. Jina la hoteli na mtaa wake uwe nao kwenye karatasi, simu huzimika. Nakala ya pasipoti mwachie mtu nyumbani. Kadi za benki ziwe mbili, zikae sehemu mbili. Koti la mvua hata Juni. Agosti maduka mengi madogo hufungwa, wenye maduka wakienda likizo, kwa hiyo usishangae. Ukisafiri na mtu mzima ulizia lifti kabla hujalipa hoteli, maana majengo ya zamani mengi hayana, na yaliyo nayo unaweza kukuta inabeba mtu mmoja na sanduku lake. Metro nayo ni ngazi, ngazi, kisha ngazi. Siku ya mwisho nilikubali tupande basi. Shangazi alikaa dirishani, hakuniuliza tunakwenda wapi.