Ukipanda Muhavura, kata soksi kuukuu

Wanaojiandaa kupanda mlima Muhavura kule Kisoro, Uganda, huulizana sana juu ya koti na maji. Mimi nawaambia waanze na soksi kuukuu. Kata sehemu ya kidole, ivae juu ya kiatu mpaka kifundoni, uifunge kwa kamba. Mlima huu ni volkeno iliyolala, na njia yake ina changarawe za lava, nyepesi na zenye makali kama chupa iliyovunjika. Zikiingia kiatuni unasimama kila baada ya hatua kumi kukung'uta, na wenzako wanakuacha.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Hapo changarawe hukimbia chini ya mguu kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Piga kisigino kwanza, kunja magoti kidogo, fimbo iwe mbele yako. Kata kucha za miguu siku moja kabla (mimi sikukata, nikapoteza mbili).

Kileleni ni mita 4,127, na hewa ni karibu asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, mwambie askari wa hifadhi mgeuke. Kaziwa kalikomo ndani ya kreta, lile shimo la volkeno kileleni, hakaendi popote, katakungoja.

Ondokeni alfajiri, maana kwenda na kurudi huchukua kama saa nane, na mchana ukungu hufunga. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, ahirisha.