Andiko la mradi wa kikundi: anzia mwaloni, si kwenye kompyuta

Vikundi vingi hapa Kigoma huniletea andiko la kuomba ruzuku likiwa limeshakataliwa na mfadhili. Ukurasa wa kwanza unasema umaskini umekithiri na wanawake wanahitaji kuwezeshwa. Ni kweli, ila kikundi cha Tabora au Lindi kingeandika hayo hayo. Nitatumia mfano wa kina mama wakausha dagaa wanaoomba chanja (meza za nguzo na wavu za kuanikia dagaa), maana ndiyo kazi niliyoizoea.

Hatua ya 1: Hesabu tatizo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma. Namba hiyo haimwambii mfadhili chochote kuhusu dagaa wenu. Chukua daftari, shinda mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa, wiki mbili za msimu wa mvua, iwe Kibirizi au Katonga. Kila jioni andika: mama fulani kanunua ndoo ngapi za dagaa wabichi, kwa bei gani, ngapi zimelowa mchangani zikaoza, zilizobaki kauza shilingi ngapi. Waulize pia dagaa walioharibika wanaenda wapi, na kwa bei gani.

Hapo sentensi yako inakuwa hivi (weka hesabu zenu): "Kati ya ndoo 40 tulizofuatilia, 11 ziliharibika kwa mvua kwa sababu zilianikwa chini." Msomaji akifika hapo ameshauona mchanga na mawingu. Nakusihi, hatua hii usiiruke hata kama tarehe ya mwisho imekaribia.

Hatua ya 2: Karatasi

Cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama, barua ya utambulisho. Pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema. Na msichanganye ruzuku na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Ule mnarejesha.

Hatua ya 3: Lengo moja linalopimika

"Kuboresha maisha" halipimiki. "Kupunguza dagaa wanaooza kutoka ndoo 11 hadi 3 kati ya kila 40, ndani ya miezi 12" linapimika, na daftari lile lile ndilo litakalopima.

Hatua ya 4: Ratiba ifuate ziwa

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi hupumzika. Siku hizo ndizo za mafunzo, kina mama wana nafasi. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Andika mtafanya nini ziwa likifungwa tena: mathalani, kujenga na kukarabati chanja. Mfadhili akiona hilo anajua mnaijua kazi yenu.

Hatua ya 5: Bajeti

Niliwahi kuandika mstari mmoja, "vifaa vya kukaushia", nikaweka jumla. Andiko likarudi. Tangu siku hiyo naivunja chanja moja vipande: nguzo, mbao, wavu, misumari, fundi, usafiri. Kisha nazidisha kwa idadi ya chanja. Tafuta profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) kutoka maduka mawili au matatu. Kila shilingi iwe na shughuli yake kwenye ratiba. Isiyo nayo, ifute.

Mchango wa kikundi nao utiwe thamani. Nguzo mtakazokata wenyewe na siku mtakazochimba mashimo ni fedha, ziandikeni.

Hatua ya 6: Lisomeni kwa sauti

Kabla ya kutuma, kaeni na kina mama wasiohusika na uandishi, msome mstari kwa mstari. Mmoja atauliza, "Na wavu ukichanika mfadhili ameshaondoka?" Kama andiko halina jibu, kubalianeni hapo hapo ada ya kila ndoo itakayoanikwa, nani ataishika, na itawekwa akaunti ipi. Liandikeni jibu hilo, ndipo mtume.