SOMO: Mashua ya tanga ya faiba inavyoundwa

Nimechoka kujibu jambo hili inboksi, mtu mmoja mmoja. Naliweka hapa, atakayeuliza tena natuma kiungo. Nazungumzia kazi ya mkono ndani ya kalibu, yaani foma ya kuipa mashua umbo; chombo ni cha futi 28 hivi.

1. Kalibu. Isugue, ing'arishe, ipake nta safu kadhaa.

2. Jelkoti. Hapa soma polepole. Ndiyo ngozi ya nje, lakini hupakwa kwanza. Ikiwa mbichi iwe na unene wa milimita 0.5 hadi 0.6, tumia kipimo cha meno (kama kitana, unakichomeka kwenye rangi mbichi), jicho linadanganya. Ukiipaka nyembamba, au ukiwahi kuweka safu inayofuata, stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye resini (gundi ya majimaji ya kuloweshea faiba), itaila kwa nyuma nayo ijikunje kama ngozi ya mamba. Mara nyingi hujui mpaka siku ya kulitoa ganda la mashua kwenye kalibu, na hapo pesa imeshakwenda. Kabla ya safu inayofuata iguse: inate, lakini isibaki kidoleni. Hadina (dawa ya kugandisha) ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, ufuate karatasi ya kiwandani. Joto la pwani lisikushawishi kushuka chini ya 1. Itaganda bila kukomaa. Changanya kidogo kidogo, anza alfajiri.
ONYO: kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) na hadina visikutane moja kwa moja. Vinalipuka. Kimoja kikoroge kwenye resini kwanza, ndipo utie kingine.

3. Mkeka mwepesi wa nyuzi, gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa resini ya vinilesta ukiimudu. Inazuia malengelenge ya maji. Toa viputo kwa rola ya chuma.

4. Mkeka na kitambaa kizito kwa zamu. Mkeka hunywa resini kama mara mbili na nusu ya uzito wake. Ukizidisha unaongeza uzito na nyufa, nguvu huongezi.

5. Mataruma (mbavu) na viambaza (kuta za ndani) vifungwe ganda likiwa bado ndani ya kalibu, lisipinde.

6. Sitaha ina kalibu yake, na katikati huwekwa balsa (mbao nyepesi sana) au povu la PVC. Kila bolti itakapopita, ondoa balsa, jaza faiba tupu.

7. Unganisha sitaha na ganda kwa gundi ya poliyurethini na bolti. Kisha mkuku (uti mzito wa chini), usukani, mlingoti.

MASWALI

Kasa99: Mkuu, hadina kiasi gani?
– Hatua ya 2.

Kasa99: Nimesoma, ila huku joto kali, nikitia nusu asilimia je?
– Hujasoma.

Mwana wa Demani: Shikamoo fundi. Kwa nini wengine huweka mkuku wa risasi na chuma ni rahisi zaidi?
– Marahaba. Swali zuri. Risasi ni nzito mara 11.3 ya maji, chuma cha kusubu kama 7.2. Uzito uleule unakaa kwenye umbo dogo na chini zaidi, kwa hiyo chombo kinasimama vizuri tanga likijaa upepo. Tena risasi haitoi kutu. Bei ndiyo inayowarudisha watu kwenye chuma.

Pono Mkavu: Faiba inadumu kweli? Babu anasema mti tu.
– Babu hajakosea kuupenda mti. Ila Pearson Triton ya futi 28, aliyoichora Carl Alberg, ilitoka Marekani mwaka 1959, zikaundwa zaidi ya 700, na nyingine zinatembea hadi leo. Ganda lao ni nene. Kinachosumbua ni balsa ya sitaha iliyokunywa maji kupitia matundu ya skrubu. Ukinunua kuukuu, gonga sitaha kwa nyundo ya plastiki. Pakitoa sauti butu, shusha bei au ondoka.

Mwana wa Demani: Na muwasho wa vumbi la msasa?
– Maji baridi, usijisugue. Poda ya mtoto mikononi kabla ya kuanza inasaidia. Barakoa ya kichujio ni lazima, ile ya kitambaa haizuii stairini.

Kasa99: Barakoa bei gani?
– Uliza dukani.