Kutafiti vihatarishi vya mshtuko wa moyo wa kwanza: hatua ninazofuata wodini

Kabla ya yote, kibali cha maadili. Kwa Tanzania hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kinachelewa, kwa hiyo omba mapema.

Hatua ya 1: Chagua wagonjwa. Shika neno "wa kwanza". Aliyewahi kupata mshtuko keshaacha sigara na anameza dawa za presha. Ukimchanganya na wengine, sigara itaonekana haina neno. Maumivu ya kifua peke yake hayatoshi, maana hata vidonda vya tumbo huchoma kifua. Dai pia mabadiliko kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na troponini iliyopanda, yaani protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia.

Hatua ya 2: Tafuta watu wasio na mshtuko wa kulinganisha nao. Hapa ndipo wengi huharibu. Utafiti wa INTERHEART, uliotolewa mwaka 2004 kutoka nchi 52, ulimwoanisha mgonjwa na mtu wa jinsia yake, umri usipishane zaidi ya miaka 5. Usimchukue ndugu aliyeleta uji. Wanakula chungu kimoja. Wala usiende kliniki ya kisukari, kwani kisukari chenyewe unakitafiti. Majeruhi wa bodaboda wanapatikana kirahisi, lakini wengi ni vijana, na baadhi walikuwa wamekunywa. Pombe nayo imo kwenye dodoso lako.

Hatua ya 3: Uliza. Nilimwuliza mzee mmoja, "Shikamoo baba, unavuta sigara?" "Marahaba. Sivuti, mwanangu." Nikaandika hapana. Mkewe akacheka: "Kaacha juzi, kifua kilipombana!" Tangu siku hiyo nauliza hivi: "Mwezi mmoja kabla ya kuugua, ulikuwa unavuta ngapi kwa siku?" Matunda, mboga, mazoezi na msongo wa mawazo, vyote viulize kwa kipindi hichohicho, na kwa kundi la pili maneno yawe yaleyale.

Hatua ya 4: Pima. Tepe ya kiuno hupita katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, mtu akiwa ametoa pumzi. Mama aliyejifunga kanga mbili, muombe kwa staha alegeze fundo, pazia likiwa limevutwa. Presha ya kitandani usiiamini sana, kwa sababu mshtuko na dawa huishusha. Uliza kama aliwahi kuambiwa ana presha. Damu ya kupima lehemu (kolesteroli) ichukuliwe ndani ya saa 24, kwani baadaye lehemu nayo hushuka.

Hatua ya 5: Hesabu. Mfano wa kujifunzia: kati ya wagonjwa 100, wavutaji 40, kati ya wenzao 100, wavutaji 20. Zidisha 40 kwa 80 (wenzao wasiovuta), gawa kwa 60 (wagonjwa wasiovuta) mara 20: unapata 2.7 hivi, ndiyo iitwayo "odds ratio". Jibu likiwa 1, hakuna uhusiano. Kama uliwaoanisha watu wawili wawili, hesabu hii ni ya kuonja tu. Hapo data inakwenda kwa mtakwimu, na safu ya namba za jozi usiifute. Mimi niliwahi kuifuta, nikarudi kupekua mafaili siku nne.