Mambo ya Kuzingatia Kabla Mpima Ardhi Hajastaafu na Kuanza Maisha ya Safari

Mpima ardhi aliye katika utumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari anapofikisha miaka 55, na kwa lazima anapofikisha miaka 60. Aliyejiajiri hana tarehe aliyopangiwa na mtu, na mara nyingi huendelea mpaka magoti yamkatalie. Wote wawili wanahitaji maandalizi yanayofanana, kwa kuwa kazi ya upimaji haikomi siku mwenyewe anapoondoka: mipaka aliyoiweka itaendelea kutumika katika kugawa mirathi, kuuziana, kukopea benki na kushitakiana mahakamani kwa miongo kadhaa. Wenzetu wengi hutamani kuzunguka nchi bila haraka ya mradi wala ratiba ya halmashauri, na wameistahili nafasi hiyo. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba safari hizo hunoga kwa yule tu aliyefunga kazi zake sawasawa, ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kufunga kazi kabla ya kufika kwenye safari zenyewe.

La kwanza ni kazi ambazo hazijakamilika. Upimaji haumaliziki pale bikoni, yaani alama ya mpaka, inapofukiwa. Unamalizika pale ramani ya upimaji inapoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani na kupewa namba ya usajili, ili mwenye kiwanja aweze kuomba hati. Kati ya hatua hizo mbili kuna viwanja vingi mno vilivyokwama. Wakazi wa miji yetu, hasa Dar es Salaam, walichangia fedha za urasimishaji wa makazi yao, wakawaona vijana wakipita na vifaa na mawe yakipandwa kwenye kona za nyumba zao, kisha wakabaki wakisubiri hati mwaka baada ya mwaka. Mpima anayestaafu huku akiwa na watu wa namna hiyo katika orodha yake hajastaafu, bali amewakimbia. Inafaa aandike kila kazi aliyonayo, hatua iliyofikia, fedha alizopokea na kinachobaki. Zinazowezekana azikamilishe, zisizowezekana azikabidhi kwa maandishi kwa mpima mwingine aliyesajiliwa na mteja akiridhia, na pale ambapo hakuna kilichofanyika arudishe fedha. Kwa uzoefu wa shughuli hizi, miaka miwili si mingi kwa kazi hiyo, kwa sababu kuidhinishwa kwa ramani hakumtegemei mpima peke yake.

Linalofuata linanigusa zaidi, nalo ni muhuri. Mtu akishastaafu, jina lake hubaki na thamani, na haitapita muda mrefu kabla kijana mmoja, pengine aliyewahi kuwa msaidizi wake, hajamjia na ramani iliyokwisha kuchorwa akiomba saini tu, kwa heshima zote na bahasha mkononi. Saini hiyo inatamka kwamba upimaji ulifanywa na mpima mwenyewe au chini ya usimamizi wake, na mgogoro ukizuka ni yeye atakayeitwa kueleza namna kona fulani ilivyopatikana mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Taaluma yetu imekuwa na sheria ya usajili tangu 1977, na yapo mambo mawili tu ya kuchagua: kuendelea kuwa na usajili, pamoja na ada zake na wajibu wote unaoambatana nao, au kuliandikia rasmi baraza linalosajili wapima kwamba unaacha kazi na kuufungia muhuri mahali ambapo hakuna mtu mwingine atakayeufikia. Kubaki katikati, kwa kuwa mstaafu nyumbani na mpima kwenye karatasi, ni hatari kwake na ni dhuluma kwa mwenye kiwanja.

Kuna pia maarifa ambayo hayamo kwenye faili lolote. Mpima aliyekaa wilaya moja kwa muda mrefu anajua ni alama zipi za msingi zilizong'olewa na greda wakati wa kutengeneza barabara, ni ramani zipi za zamani zilizopimwa kwa futi, na ni mtaa upi uliowahi kupimwa mara mbili. Jambo lenye madhara makubwa kuliko yote katika orodha hiyo ni mifumo ya koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali alama ilipo. Ramani zetu nyingi zipo katika mfumo wa Arc 1960, wakati kipokezi cha satelaiti, hata kile kilichomo kwenye simu, kinasoma katika mfumo wa WGS84, na katika ukanda huu tofauti ya nafasi kati ya mifumo hiyo miwili inakaribia mita 300. Kijana anayechukua namba kutoka ramani ya zamani na kuziingiza kwenye kifaa bila kuzibadilisha anaweza kwenda kusimama katikati ya shamba la mtu mwingine kabisa, akatafuta jiwe mchana kutwa, kisha akahitimisha kwamba mpima wa kwanza alikosea. Kwa hiyo mstaafu mtarajiwa akae na wanaobaki, afungue nao madaftari ya uwandani ukurasa kwa ukurasa, awaandikie katika kila kazi ni mfumo gani uliotumika na ilianzia alama ipi, na ikiwezekana aende nao uwandani. Bikoni ni kipande cha nondo kilichosimikwa kwenye zege, chenye herufi na namba juu yake, ambacho baada ya miaka ishirini huwa kimefunikwa na udongo na majani. Aliyeifukia anaikumbuka kwa mti au pembe ya ukuta, na kumbukumbu hiyo haimo kwenye koordineti.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Totali stesheni, yaani kifaa cha kupimia pembe na umbali, au kipokezi kinachouzwa kifutwe kwanza data za wateja, na kiuzwe pamoja na cheti chake cha mwisho cha ukaguzi wa usahihi. Teodolaiti za zamani za lenzi, zile Wild T2 ambazo wengi wetu tulijifunzia, hazina tena soko la maana, lakini kwa mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi Morogoro au Tabora zinafundisha kusoma pembe kuliko skrini yoyote, na ningependa kuona nyingi zikiishia huko badala ya kuota kutu stoo.

Ardhi ya mpima mwenyewe nayo ina mambo yake. Ni kawaida kwa watu wa kazi hii kuwa na viwanja vinne au vitano katika maeneo waliyowahi kupima, kimoja kwa malipo ya kazi, kingine kwa bei ya awali ya mradi, na vyote bila hati. Wakati angali kazini anaijua njia, milango na watu. Akishaondoka anageuka mwananchi wa foleni kama wengine, na akifariki mjane na watoto hawajui hata vilipo. Kabla ya kustaafu, kila kiwanja kipatiwe hati, kodi ya pango la ardhi ilipwe, na jina la mwenza liingizwe pale inapostahili. Vile ambavyo haviwezi kutunzwa viuzwe mapema kuliko kuachwa vivamiwe. Kisha wosia uandikwe mbele ya mashahidi na uhifadhiwe panapojulikana. Tumeshuhudia familia nyingi zikigombana juu ya mipaka, na hatuna sababu ya kuziachia zetu ugomvi huohuo.

Kuhusu mafao, aliyehama kati ya halmashauri na wizara ana kazi ya ziada. Mfuko wa PSSSF, ambao ni wa pensheni za watumishi wa umma, ulianza 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, PPF, LAPF na GEPF, na mtumishi aliyewahi kuchangia katika zaidi ya mmoja anapaswa kuhakiki kwamba miezi yake yote imefuatana bila pengo. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, hati za mishahara na kitambulisho cha Taifa vyote vionyeshe jina lilelile kwa herufi zilezile, kwa maana tofauti ndogo ya jina inaweza kuchelewesha malipo kwa miezi. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, unajulikana kwa kila mtumishi: mwaka 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuyapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa lililokuwa likilipwa asilimia 25. Kila mmoja aombe hesabu yake mwenyewe mfukoni badala ya kupanga maisha kwa hesabu ya jirani, aulize pia NHIF, mfuko wa bima ya afya, masharti ya kuendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, na fedha ya mkupuo isiguswe na biashara yoyote mpya mpaka vumbi la kuagana litulie, maana matapeli huwawinda wastaafu wapya.

Afya ya mpima hubeba alama za kazi. Macho yaliyokaa juani na vumbini huota kinyama pembeni ya mboni au kupata mtoto wa jicho, magoti hulalamika kwa milima yote iliyopandwa na mzigo begani, na shinikizo la damu na kisukari huja taratibu bila kubisha hodi. Uchunguzi kamili wa macho, moyo, sukari na magoti ufanywe kabla ya kupanga safari yoyote, si baada ya kulipia. Lipo pia suala la nyumbani. Mwenza ambaye kwa miaka thelathini amelea watoto huku mume au mke akiwa kambini ana haki ya kuulizwa kama anataka kumwona akiondoka tena, na pengine jibu zuri kuliko yote ni kusafiri pamoja.

Sasa safari zenyewe. Ningemshauri mpima achague zile ambazo jicho lake lililofundishwa litafaidi zaidi ya mtalii wa kawaida, na nchi hii inazo za kutosha. Njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji ina zaidi ya kilomita 1,200, na anayejua kusoma mteremko wa ardhi ataelewa haraka kwa nini wapagazi walipita bonde hili na kuliacha lile, kwani maji ndiyo yaliyoamua. Si lazima kuitembea yote. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inafuata uelekeo uleule kwa sehemu kubwa, na treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inamfikisha mtu Dodoma kwa saa chache, akaanzia hapo vipande vya miguu. Mpaka wa kaskazini nao una hadithi yake, kwa kuwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliuanzisha kwenye mlango wa mto Umba pwani, yakauzungusha chini ya Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani, kisha yakauelekeza hadi pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapokutana na Ziwa Victoria. Mlima wenyewe ni deni kwa wapima wengi: zile mita 5,895 zinazofundishwa shuleni zilitokana na upimaji wa mwaka 1952, na upimaji wa satelaiti wa mwaka 1999 ulipata mita 5,892.55. Anayetaka kwenda aajiri kiongozi mwenye leseni, kwa kuwa ni lazima, achague njia ya siku saba au nane badala ya tano ili mwili uzoee hewa nyepesi, na akubali kushuka mara kichwa kinapouma kwa kuzidi au kutapika kunapoanza.

Kwa asiyetaka milima, kuna safari za kazi ya kujitolea. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayofurika, Tandale ikiwa mojawapo, na Zanzibar visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege nyuki zilizorushwa na vijana wa hukohuko. Mzee mwenye uzoefu wa kuhakiki makosa ana nafasi kubwa sana katika kazi kama hizo. Akitaka kurusha ndege nyuki yake mwenyewe, aanze na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Tahadhari moja haisemwi vya kutosha. Sheria ya Upimaji wa Ardhi ilimpa mpima aliye kazini nafasi ya kuingia katika ardhi za watu kwa ajili ya kazi, na mstaafu hana tena nafasi hiyo. Mwanakijiji anayemwona mgeni akisimama shambani na kipokezi cha satelaiti hawazi kuhusu historia ya misafara. Anawaza kwamba ardhi yake inachukuliwa, na katika maeneo yenye migogoro ya wakulima na wafugaji wazo hilo linaweza kukusanya watu kwa dakika chache. Mstaafu apite kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, aonyeshe kitambulisho, aeleze anakokwenda na siku atakazokaa, asisogelee alama za mpaka wa nchi bila ruhusa, na vifaa vinavyofanana na vya kazini aviache nyumbani. Daftari, ramani ya karatasi na dira vinatosha.

Mwisho, safari ya kwanza ifanyike kabla ya kustaafu, ndani ya likizo ya mwaka wa mwisho, kati ya Juni na Oktoba wakati njia ni kavu. Iwe fupi, ya siku nne au tano, na gharama zake ziandikwe zote, nauli, chakula, malazi na dawa, kisha zilinganishwe na pensheni ya mwezi inayotarajiwa. Hapo ndipo mpima atajua ni safari ngapi kwa mwaka anazoweza kuzimudu, na ataacha nakala ya njia yake kwa familia kila anapoondoka, ikiwa na majina ya vijiji na tarehe za kufika kila kimoja.