Maandalizi ya Kuzuia Kutu kwenye Meza za Mashine za Useremala Kabla ya Masika

Mwenye karakana ya useremala kule Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa kwamba chuma hushika kutu, kwa sababu huiona kwenye misumari, bawaba na makufuli kila mwaka. Jambo linalosahaulika ni kwamba meza ya mashine haishiki kutu ikiwa kazini. Mbao zinapopita juu yake tangu asubuhi hadi jioni, uso wake husuguliwa na kubaki mkavu. Kutu huanza mashine inapopumzika: usiku wa mvua, siku za sikukuu, wiki ambayo hakuna kazi, au mwezi ambao fundi amesafiri. Kwa hiyo maandalizi yote yanayoelezwa hapa yanahusu siku hizo za mapumziko, na wakati mzuri wa kuyafanya ni mwishoni mwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na jua likiwa kali, kabla masika ya Machi hadi Mei hayajaanza kujaza hewa maji.

Meza za msumeno wa meza, msumeno wa mkanda na mashine ya randa mara nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha uso wake ukachongwa mpaka ukanyooka. Mwili wa mashine hupakwa rangi, lakini meza huachwa wazi, kwa sababu rangi ingekwaruzwa siku ya kwanza na kuharibu unyoofu wake. Kutu ikishaota hapo, ubao hautelezi tena kama inavyotakiwa. Hukwama, fundi huusukuma kwa nguvu zaidi kuelekea kwenye meno ya msumeno, na hapo ndipo mikono huumia. Ndiyo maana siichukulii kutu ya meza kuwa suala la sura ya mashine tu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni jinsi maji yanavyofika juu ya meza hata kama paa halivuji. Chuma kizito hupoa polepole na hupata joto polepole. Alfajiri ya masika meza huwa imepoa hadi nyuzi 24 au 25 za Selisiasi, kisha jua hutoka, hewa ya nje hupanda hadi nyuzi 28, na huwa imebeba unyevu wa asilimia 85. Hewa ya namna hiyo huanza kudondosha maji yake inapogusa kitu chochote chenye joto la nyuzi 25 au chini ya hapo, na mlango ukifunguliwa hewa hiyo huikuta meza ikiisubiri. Ukipitisha kidole juu ya meza saa moja na nusu asubuhi, utaona kidole kimeacha mstari unaong'aa katikati ya ukungu mwembamba usioonekana ukiwa umesimama wima. Mafundi husema meza imetoa jasho. Jasho hilo likikauka lenyewe, saa tatu hakuna atakayejua kwamba lilikuwapo, lakini yakipita majuma mawili ya asubuhi kama hizo, uso wa chuma hugeuka rangi ya chai.

Kwa sababu macho hayaoni unyevu wa hewani, ni vyema kuwa na kipimo chake. Vipima unyevu vidogo vya betri hupatikana kwa bei nafuu, ila vingi husoma pungufu au zaidi, kwa hiyo kabla ya kukiamini kipime kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kisosi, ilowanishe kwa matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha funga kisosi hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, usiku kucha. Hewa iliyomo humo hufikia unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, ujue kinapunguza 5, uandike hivyo kwa kalamu mgongoni mwake. Kisha kitundike usawa wa meza, siyo juu karibu na bati ambako joto ni jingine. Kwa kawaida chuma kisafi huanza kushika kutu kwa kasi unyevu unapozidi takriban asilimia 60, na ukanda wetu wa pwani hauteremki chini ya hapo kwa siku nyingi za mwaka. Hivyo kazi ya kipimo ni kukuonyesha siku zilizo mbaya kupita kawaida.

Jengo lenyewe likaguliwe kabla ya mashine. Bati lisilo na dari hutoa jasho upande wa ndani alfajiri, na matone yake hudondoka palepale kila siku. Ukiona vitone vya kutu vilivyojipanga kwenye mstari mmoja mezani, tazama juu, utakuta boriti au mkunjo wa bati uliofuata mstari huohuo. Sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo hupandisha unyevu kutoka chini, kwa hiyo mashine zisimamishwe juu ya magogo au msingi ulioinuka. Kuanzia Aprili au Mei upepo hugeuka kuwa kusi, na karakana iliyo karibu na bahari, yenye matundu upande wa kusini-mashariki, hupokea chembe za chumvi siku nzima. Chumvi huvuta maji ya hewani hata pale ambapo chuma kisafi kingebaki kikavu, kwa hiyo sehemu hiyo izibwe kwa mbao au mabanzi hadi usawa wa juu ya meza, na matundu ya kupitishia hewa yaachwe juu zaidi. Ondoa pia maji ya betri, tindikali ya kusafishia vigae na dawa za kufulia zenye klorini, hata kama vifuniko vyake vinaonekana vimekaza. Moshi wa tindikali moja tu kwenye kona unaweza kuipa kutu kila zana iliyomo chumbani.

Baada ya jengo huja mbao. Mwaka mmoja niliacha ubao wa mkaratusi, uliopasuliwa siku chache tu kabla, juu ya meza ya msumeno nikaenda kula Idi. Nilirudi siku ya nne. Nilipouinua, chini yake palikuwa na umbo kamili la ubao ule: kingo zake nne zimechorwa kwa kutu ya rangi ya machungwa, na katikati weusi wa wino, hata sehemu ambapo palikuwa na fundo ilionekana kama mduara uliofifia. Weusi ule ulitokana na tanini ya mti, yaani kemikali ya asili iliyomo kwenye magome na mbao, kukutana na chuma kwenye maji, na ni doa lilelile linaloonekana kwenye mbao zenye tanini zikigusa msumari wa chuma kitupu zikiwa na unyevu. Nilisugua siku nzima. Kutu ilitoka, lakini kivuli cha ubao bado kipo. Mti mbichi unaweza kuwa na maji zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake mkavu, na hata ubao uliokauka vizuri pwani hubaki na kama asilimia 15 hivi, kwa hiyo meza isigeuzwe rafu kamwe. Vumbi la mbao nalo ni vivyo hivyo: huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma kama kitambaa kibichi. Lifagiliwe kila jioni, pamoja na lile linalojificha kwenye mifereji ya meza na chini ya ukingo wa kuongozea mbao. Kikombe cha chai na chupa ya soda ya baridi visiwekwe hapo hata kwa dakika moja, na mwenye mikono inayotoa jasho sana apanguse meza anapomaliza kazi, kwa sababu alama za vidole nazo ni maji ya chumvi.

Sasa kazi ya kusafisha. Chomoa plagi kutoka ukutani kabla ya kugusa meza. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kwanza pangusa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, ili chumvi iyeyuke na kuondoka, kwani mafuta ya taa hayayeyushi chumvi, na nta ikipakwa juu ya chumvi huifungia ndani. Kausha papo hapo. Kisha mimina mafuta ya taa kidogo, usugue kwa pamba ya chuma au msasa namba 400, kisha 600, ukifuata urefu wa meza na wala si kwa kuzungusha. (Wazee waliosugua mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, ambao ndio uliokipa kifaa hiki jina lake, walifuata kanuni hiyohiyo ya kwenda na mstari.) Usitumie grenda hata kutu ikionekana nzito, kwa sababu diski yake huchimba bonde usiloliona, na bonde hilo huharibu kila kiungo utakachokata baada ya hapo. Kutu ikiwa imekwisha kula vishimo, ondoa ile iliyo juu tu na uviache vishimo vyenyewe. Ubao hupita juu ya vishimo bila tatizo, ila haupiti sawasawa juu ya meza iliyopinda. Hakiki kwa rula ndefu ya chuma iliyosimamishwa kwa ukingo wake, ukitazama mwanga unaopita chini yake.

Mashine mpya nayo huhitaji kazi hii. Hufika ikiwa imepakwa grisi nzito ya kiwandani, mnunuzi huiosha kwa mafuta ya taa kwa furaha, kisha huiacha hivyo hadi kesho yake. Usiku huo mmoja unatosha. Usisafishe meza yoyote saa ambazo huna muda wa kuipaka kinga siku hiyohiyo.

Kuhusu kinga, napendelea nta ya nyuki kuliko kitu kingine chochote, na Tanzania haina upungufu wake. Tabora pekee inajulikana kwa asali na nta tangu zamani. Yeyusha fungu moja la nta katika bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu na haihitaji kuguswa na moto wenyewe. Bakuli likishatolewa nje, mbali kabisa na jiko, ongeza mafungu matatu au manne ya tapentaini ukikoroga. Mvuke wa tapentaini hushika moto upesi, na hatua hii haina njia ya mkato. Ikipoa huwa kama siagi. Ipake alasiri, meza ikiwa na uvuguvugu, kwa kuwa wakati huo chuma hakina jasho lililojificha. Paka nyembamba sana, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ifanye ukungu, kisha sugua kwa kitambaa kikavu hadi mkono uteleze. Rudia mara ya pili siku inayofuata. Ndani ya masika rudia kila baada ya majuma mawili hadi matatu.

Dawa za kupuliza zenye silikoni nazikataa, hata kama hufanya meza iteleze vizuri. Silikoni huhamia kwenye ubao, na vanishi ikipakwa hukimbia na kuacha vijishimo vya duara. Mafuta ya kula hugeuka gundi. Oili chafu ya gari, ambayo karakana nyingi huitumia kwa kuwa haina gharama, imekwisha kubeba tindikali na masizi ya injini, huchafua mbao na haifai kwa ngozi ya binadamu. Mafundi wa majahazi walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za chombo, na walipaka kabla ya chombo kuingia majini. Wakati wao wa kupaka ndio wa kufuata, ila mafuta yenyewe hayafai mezani kwa harufu na madoa yake.

Kifuniko ni mahali ambapo watu makini hukosea. Plastiki ikilazwa juu ya meza huzuia mvua, lakini pia huzuia jasho la alfajiri lisiondoke, na nimeona meza iliyofunikwa kwa nailoni ikiwa na kutu kuliko jirani yake iliyoachwa wazi. Tumia turubai la pamba au blanketi kuukuu lililokauka, lining'inie hadi chini ya kingo. Asubuhi usiliondoe mara tu mlango unapofunguliwa. Acha mpaka meza ifikie joto la chumba, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Feni haisaidii kabla ya hapo, kwa kuwa huzidi kupeleka hewa yenye maji kwenye chuma kilichopoa. Balbu ya zamani ya waya iliyowashwa chini ya meza hupasha chuma joto kidogo, lakini mahali penye vumbi la mbao siishauri, tena usiku ambapo hakuna mtu. Mashine ya kukausha hewa inafaa chumba kinachofungwa kabisa. Kwenye banda la wazi ni umeme unaopotea bure.

Kwa anayefunga karakana kwa mwezi mzima au zaidi, nta peke yake haitoshi. Juu ya meza safi apake mafuta mgando kwa unene unaoonekana, alaze karatasi ya nta juu yake, ndipo afunike kwa turubai. Visu vya randa na misumeno ya duara vivuliwe, vipakwe vivyo hivyo na kuwekwa ndani ya sanduku linalofunga, pamoja na vifuko vya silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu, ambavyo kwenye sanduku hufanya kazi na kwenye chumba havifanyi chochote. Akirudi, ayaondoe yote kwa mafuta ya taa na kupitisha kwanza vipande vya mbao visivyo na thamani, mpaka kipande cha mwisho kitoke bila alama ya mafuta.

Ili kujua kama nta bado ipo, dondosha tone moja la maji mezani. Likisimama kama ushanga, kinga ingalipo. Likitandaa, pangusa upesi na upake upya jioni hiyo.