Uwanja huru wa nani? Jinsi ya kujua mwenye nyumba kwenye futboli ya vyuo Marekani

Tuko wachache hapa Mombasa tunaokesha na futboli ya vyuo vya Marekani, ile ya helmeti si hii yetu, na kila msimu mabishano ya maskani ni yaleyale, mechi ikipelekwa uwanja huru, yani uwanja usio wa timu yoyote kati ya mbili, kuna mmoja lazima aseme basi hapo hakuna wa nyumbani, tuangalie timu bora tu. Yakhe, hiyo si kweli. Uwanja huru ni mambo ya karatasi, mechi ikianza kuna mmoja anaskia raha na mwengine anaskia ugeni, na ukijua pa kuangalia utamjua mapema.

Sisi wenyewe haya tunayajua. Gor ikishuka Mbaraki kucheza na Bandari, kijani kinajaa mpaka utadhani Bandari ndio waliopanda basi. Na Harambee Stars 2024, hatukuwa na uwanja wa kuchezea hapa nchini, tukawa "nyumbani" Lilongwe na Burundi 1–1, Lilongwe tena na Ivory Coast 0–0, kisha Kampala na Zimbabwe 0–0, na hapohapo Kampala Cameroon wakatupiga 1–0. Hizo mechi nne za nyumbani ushindi sufuri, na mtu wa Likoni kwenda Kampala kushangilia ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, nani ana hiyo nauli.

Kwa hivyo anza na ramani. Fungua simu upime kutoka chuo mpaka uwanja, pande zote mbili. Mfano mzuri ni Florida na Georgia, hawa walichezea Jacksonville tangu 1933 mpaka 2025, wakatoka hapo 1994 na 1995 tu wakati uwanja unajengwa upya. Gainesville, kwenye chuo cha Florida, mpaka Jacksonville ni kama km 115, yani Malindi mpaka hapa. Athens, kwenye chuo cha Georgia, ni kama km 550, hiyo ni Nairobi na zaidi. Juu ya ramani Florida yuko kwake kabisa. Lakini usiishie hapo manake chuo hakishangilii, wanaoshangilia ni watu, na watu hawaishi wote karibu na chuo. Jacksonville iko karibu sana na mpaka wa jimbo la Georgia, ukivuka tu kuna miji ya kusini imejaa wapenzi wa Georgia ambao kwao hiyo safari ni ya asubuhi kwenda jioni kurudi. Pima umbali wa mashabiki kwanza, wa chuo baadaye.

Ukimaliza ramani uliza tiketi zimegawanywaje, na hapa ndipo wengi wanapotea kwa sababu uwanja huru uko wa aina mbili. Kuna ile ya ahadi, nusu kwa nusu, kama Jacksonville na kama Texas na Oklahoma kule Dallas, ambapo kila chuo kinapata upande wake na hata ufanyeje rangi zitalingana. Halafu kuna fainali ya taifa na zile bakuli za Januari, yani mechi kubwa za kufunga msimu, huko kila chuo kinapewa fungu lake lakini tiketi nyingi zinakwenda kwa wadhamini na wauzaji, na zikishafika sokoni anayezinunua ni aliye karibu au mwenye njaa ya kombe. Januari 2020 LSU, chuo cha Louisiana kilicho mji wa Baton Rouge, walicheza fainali na Clemson ndani ya Superdome, New Orleans, na Baton Rouge iko km 130 tu kutoka hapo. Clemson walitoka zaidi ya km 800. LSU 42, Clemson 25. Aliyeiita ile mechi ya uwanja huru alikuwa anatania.

Sasa kelele, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio moyo wa mambo yote. Kwenye soka yetu kelele zinakupa nguvu na zinamtia refa presha, basi. Kwenye futboli ya Marekani kelele zinavunja kazi ya mtu. Timu yenye mpira inapojipanga, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaita kwa sauti, na wale majitu wa mbele wanangoja mlio fulani ndio waondoke wote pamoja. Asiposikika, mmoja anachomoka kabla ya wakati, kitambaa cha njano kinarushwa, wanarudishwa yadi 5. Tangu 2024 kocha anaruhusiwa kuongea na mchezaji mmoja kupitia redio ya ndani ya helmeti, ila inakatwa saa ya kuanzisha mchezo ikibaki sekunde 15, kwa hivyo zile sekunde za mwisho ambazo mashabiki wanapiga mayowe kijana yuko peke yake. Ndio maana shabiki anayejua mchezo hupiga kelele wakati mpira uko kwa adui, timu yake ikishika mpira ananyamaza kimya kama yuko maktaba. Mgeni wa mchezo huu huona maajabu, ati mtu ananyamaza timu yake ikishambulia.

Basi ukikaa mbele ya TV usidanganywe na rangi, kamera zinapenda kuonyesha kona iliyojaa. Skiza. Ngoja jaribio la tatu, kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi 10, pale timu bado inahitaji yadi nyingi na ikikosa kwa kawaida itatoa mpira, na uskize kelele zinapanda kwa nani. Halafu mwangalie kwotabeki, akianza kupiga makofi au kuinua mguu badala ya kuita, au senta, yule anayemtolea mpira, anachungulia nyuma kati ya miguu yake angoje ishara, ujue hawaskizani, huyo ndiye mgeni hata kama kwenye karatasi ameandikwa mwenye nyumba. Hesabu vitambaa vya kuanza mapema mpaka mapumziko. Upande mmoja ukiwa na vitatu na mwengine hauna, ushapata jibu lako.

Kuna kitu kimoja kitamu ambacho watangazaji wanakipita mbio. Pale Dallas, ndani ya Cotton Bowl, uwanja wa watu zaidi ya 90,000, mashabiki wanagawanywa kwenye mstari wa yadi 50, nusu rangi ya chungwa ya Texas, nusu nyekundu ya Oklahoma, na kutoka Austin au Norman mpaka hapo ni kama km 300 kila mmoja, yani ramani haisemi kitu. Lakini timu hubadilisha pande robo ya kwanza ikiisha, na ya tatu ikiisha. Kwa hivyo Texas ikiwa na mpira kwenye ncha ya uwanja walikokaa watu wa Oklahoma iko ugenini kabisa, kelele zinaanguka kichwani, ikivuka kwenda ncha ya pili iko nyumbani, na haya yanatokea ndani ya mchezo mmoja. Mwenye nyumba anabadilika kulingana na mpira uko wapi! Sasa fikiria robo ya mwisho, dakika mbili, mtu anatafuta bao la kushinda. Anaelekea kwa watu wa nani? Hilo limeshaamuliwa mwanzo wa kipindi cha pili, timu zinapochagua nani apokee mpira na nani alinde upande upi, manake upande wa robo ya tatu ukigeuzwa ndio wa robo ya nne. Mpira ukianza kipindi cha pili angalia huo uchaguzi, watu wengi wakati huo wameenda kutafuta viazi karai. Ikiingia muda wa ziada ndio zaidi, maana kila raundi timu zote mbili zinashambulia ncha ileile moja, kwa hivyo kuna mmoja atakayecheza nyumbani raundi nzima.

Mambo ya nani kavaa jezi ya rangi na nani nyeupe achana nayo, hiyo ni ratiba tu. Safari angalia ikiwa ndefu kweli, kama ile ya Dublin Agosti 2024, Georgia Tech wakawafunga Florida State 24–21, ila pale wote walivuka bahari kwa hivyo umbali ulifutana.

Sasa pima uzito, na hapa tulieni. Desturi ya zamani ya watu wa kubeti Marekani ni kumwongezea mwenye nyumba pointi 3 hivi wanapokisia matokeo, na uwanja huru wanaandika sufuri. Mimi naona sufuri ni uvivu, ila 3 nazo ni nyingi, mpe moja, moja na nusu ikiwa ramani, tiketi na kelele zote zinasema jina moja. Si zaidi. Kelele zina kazi kweli, Bundesliga iliporudi Mei 2020 bila mashabiki timu za nyumbani zilianza kushinda kidogo kuliko kawaida, lakini hazibebi timu mbovu. LSU hao hao, Superdome hiyo hiyo, Januari 2012, Alabama waliwachapa 21–0. Januari 2018 Georgia walikuwa Atlanta, kwao kabisa, Alabama wakachukua 26–23 muda wa ziada. Na Florida na ukaribu wake wote wa Jacksonville, kuanzia 2017 mpaka 2024 wameshinda mara moja tu, 2020. Kwotabeki wa kwanza akiumia Alhamisi, hesabu yote hii weka pembeni.

Ukitaka mazoezi yako hapa: Jacksonville inafumuliwa tena, kwa hivyo Florida na Georgia 2026 wanapelekwa Atlanta na 2027 Tampa. Atlanta mpaka Athens ni kama km 110, Tampa mpaka Gainesville kama km 210. Weka pointi yako kwa Georgia mwaka wa kwanza, ihamishe kwa Florida mwaka wa pili, kisha uangalie tiketi zitagawanywaje kabla hujaongeza ile nusu. Na saa: ikianza saa tisa na nusu alasiri kwao, kama saa za mashariki ya Marekani bado hazijarudishwa nyuma kwetu ni saa nne na nusu usiku, zikisharudishwa ni saa tano na nusu. Fainali za Januari huku zinaanza kama saa tisa na nusu usiku, hiyo lala kwanza uamke.